Kitaliano cha Malindi kwa Daktari wa Meno

Mjomba wangu alijifunza Kitaliano ufukweni Malindi, akiwauzia watalii vinyago. Ni Kitaliano safi cha kusifu, kuvutana bei na kuagana. Sasa anaishi Bologna, moyo wake unadunda bila mpangilio, naye anameza Coumadin, yaani warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande. Dawa hiyo ilianza kuuzwa mwaka 1948 kama sumu ya panya, na katika maelezo yote aliyopewa, Mjomba alishika hilo la panya tu.

Jino likamuuma. Nikamwandikia cha kusema: "Prendo un anticoagulante", natumia dawa ya kuzuia damu kuganda; na "Il mio ultimo INR è due virgola cinque", INR yangu ya mwisho ni mbili nukta tano, maana daktari lazima ajue kipimo hicho cha kuganda kwa damu, ambacho kwa wagonjwa wengi hutakiwa kiwe kati ya 2 na 3. Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni.

"Niachie mimi, mpwa wangu."

Tukaenda. Daktari wa meno, mama mtu mzima mwenye miwani, akapokewa kwa "Ciao bella!" Hakucheka. Akauliza anatumia dawa gani. Mjomba akajitutumua: "Prendo veleno per topi." Nakula sumu ya panya.

Koleo likarudi kwenye sinia. Muuguzi akaitazama simu ya mezani. Nikaichomoa ile karatasi mfukoni mwa mzee, nikaisoma kwa sauti, na jino likaahirishwa mpaka apimwe damu upya.

Nyumbani nako kuna shughuli. Vidonge ni vya miligramu 5, na ratiba inataka leo "mezza compressa", nusu, kesho "tre quarti", robo tatu. Anakata kwa kisu cha vitunguu. Robo huruka chini ya friji, na mzee mzima hupiga magoti kuitafuta. Tena aliposikia kuwa vitamini K ya mboga za majani hupunguza nguvu ya dawa, akasusa mchicha kabisa, wakati daktari alichotaka ni ale kiasi kilekile kila wiki. Mke wa Mjomba bado amenuna.

Ukiwa na mzee wa namna hii Italia, mkaririshe hizi kabla ya salamu: "Prendo il Coumadin", "Ho battuto la testa", nimejigonga kichwa, "Il sangue non si ferma", damu haikatiki. Namba ya dharura ni 112. Hizo za kusifia wanawake anazijua tayari.