Baba Mdogo wa Simba

Aka! Jamani, mjadala wa Simba umerudi tena hapa Ijuganyondo, kwetu Buhaya, na safari hii pia umeanzia pasipofaa. Watoto wamerushiwa The Lion King kwenye flashi, ile ya mwaka 1994, wakaitazama sebuleni na wazazi wao. Jumuiya ilipokutana ikawa ndiyo hoja ya jioni: katuni hii inamfaa mtoto wa Kikristo au haimfai? Vijana wa bodaboda wakaidaka, ikatufikia hapa kijiweni, na hapa ndipo ninaposonya.

Maana muda wote umeishia mawinguni. Mfalme Mufasa kafa, halafu anamtokea mwanawe Simba usiku angani na kumtaka akumbuke yeye ni nani, na aliyempeleka Simba mpaka pale ni nyani Rafiki mwenye fimbo. Wazee wanasema huo ni uganga. Wanafungua 1 Samweli 28, pale Sauli alipokwenda kwa mwanamke wa Endori ili aitiwe Samweli kutoka kwa wafu. Nawaunga mkono kabisa. Sisi si watu wa kuambiwa kwamba mizimu ni mambo ya sinema. Wamara na Mugasha walitolewa sadaka humuhumu Buhaya. Na ng'ambo ya mpaka, Ankole, mmisionari John Roscoe aliandika mwaka 1923 kwamba watu waliamini mfalme akifa roho yake huingia ndani ya simba. Mfalme aliyekufa, simba! Kwa hiyo mtoto wa huku akimwona Mufasa angani anaona kitu ambacho hata waliomchora kule Marekani hawakukijua. Mzazi amwambie waziwazi kwamba Mkristo hatafuti shauri kwa wafu. Dakika tano zinatosha kabisa.

Kinachoniuma ni kile kisichosemwa. Nani kamuua Mufasa? Ndugu yake. Scar ni baba mdogo wa Simba, na kaka yake alipokwisha kukanyagwa na nyumbu kule bondeni, hakukimbilia kiti kwanza. Alimfuata mtoto. Simba kajikunja chini ya mkono wa baba asiyeamka, na baba mdogo anamwambia kwa sauti ya upole kwamba haya yote ni kwa sababu yake, mama yake akisikia atasemaje, kimbia na usirudi tena. Mtoto akigeuka tu, fisi wanatumwa wakammalize.

Nani hapa hajaisikia sauti hiyo? Waitu, tunazika, matanga hayajaanuliwa, na mjane kishaambiwa kwamba yeye ndiye aliyempeleka mumewe kaburini. Mkoa huu ndio ulioona wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini, mwaka 1983, na miaka iliyofuata ilituachia yatima nyumba kwa nyumba. Kibanja chenye migomba na mibuni, na makaburi ya baba na babu ndani yake, kikabaki mikononi mwa msimamizi. Wapo baba wadogo waliokitunza, wakasomesha watoto kwa kahawa ileile, kisha wakawakabidhi chao. Mungu awazidishie. Na wapo ambao kwao milamula, ile mimea ya kuonyesha mpaka, ilihama usiku, na kijana aliyeuliza akaambiwa hana adabu kwa wakubwa. Kipo kibanja kimoja si mbali na hapa ambacho kila nikikipita moyo unanichoma.

Biblia haijanyamaza juu ya hili. Waamuzi 9: Abimeleki aliwaua ndugu zake, watu 70, ili atawale Shekemu. Akaponea mdogo wao, Yothamu, kwa kujificha. Yothamu akapanda mlimani akawatolea watu hadithi ya miti iliyotafuta mfalme, ikaishia kuutawaza mti wa miiba. Mnaosema hadithi za wanyama na miti hazina nafasi kwenye Neno, someni hapo. Mithali 23 nayo inakataza kuhamisha mpaka wa zamani na kuvamia shamba la yatima, na inaonya kwamba yatima ana mtetezi mwenye nguvu. Aya hiyo haikusomwa jioni ile.

Mzee mmoja wa kanisa alikazania kwamba ule wimbo wa Hakuna Matata unafundisha vijana uvivu. Shikamoo yake naitoa kila siku, lakini hapa sikubaliani naye. Simba hakwenda kwa rafiki zake Timon na Pumbaa kustarehe na kula wadudu (watoto wetu hawakushangaa, senene wanawajua). Alikwenda kwa sababu kabebeshwa damu isiyo yake. Musa naye alikimbilia Midiani akachunga mifugo ya mkwewe, na huko huko Mungu akamfuata. Vijana wangapi wa huku wako Mwanza na Dar, tunasema wamesahau kwao, kumbe kwao kuna mtu kaketi getini?

Na mabinti je? Katika Hesabu 27, mabinti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa wakadai urithi wa baba yao, na Mungu akasema wana haki. Mwaka 1990, katika Mahakama Kuu ya Mwanza, Jaji Mwalusanya alimpa haki mwanamke wa Kihaya, Holaria Pastory, aliyerithi shamba la baba yake kwa wosia akaliuza nje ya ukoo, na mtoto wa ndugu yake akataka mauzo yafutwe kwa sababu mila haimruhusu mwanamke kuuza. Wasichana wa jumuiya yetu wanajua majina ya fisi wote watatu. Jina la Holaria hawajawahi kulisikia.

Swali zuri kuliko yote liliulizwa na mtoto wa kike, na halikujibiwa kwa sababu ilikuwa saa ya sala ya kufunga: mbona hakuna aliyeuliza mwili wa Simba uko wapi? Kweli. Scar alitangaza wote wawili wamekufa, majike wote wakainamisha vichwa, akapanda mwambani. Jumuiya ijayo nitalirudisha swali hilo, watoto wakiwepo, na wakiwepo wale wazee wawili wanaojua milamula ya kibanja kile ilikuwa wapi.