Mjomba, Huku Wanalipa Watu Wang'oe Majani

Las Vegas, Nevada

Mjomba,

Huku tatizo ni joto tu. Julai hii, ninyi mkiwa mmejikunyata ndani ya makoti hapo Sumbawanga, sisi nyuzi zimepita 40 kivulini. Dhumuni la barua hii ni kujibu maswali yako kuhusu ile picha. Umeuliza ng'ombe wa majani yale wako wapi, na kwa nini wanaume wawili wanayang'oa huku wa tatu akipima kwa futi.

Nianze na ng'ombe. Hawapo. Hata mbuzi hayupo. Wewe uliyekesha kwenye mikutano ya kijiji kwa ugomvi wa malisho utadhani nakutania, lakini majani yale yalikuwa ya kutazamwa. Yanapandwa, yanamwagiliwa, yanatiwa mbolea yakue haraka. Yakishakua yanakatwa kwa kosa la kukua, yanafungwa kwenye mifuko, gari la taka linayabeba. Msukuma wa bonde la Rukwa akiliona gari hilo atalifuata kwa miguu mpaka jalalani.

Wala usidhani ni majani ya ajabu. Mengine ni ukoka, huu huu unaoupalilia kwenye maharage huku ukiulaani. Wakati wa baridi ukoka unafifia, basi juu yake wanamwaga mbegu za majani mengine, ili pasipite hata mwezi mmoja mtaa ukionekana kahawia.

Aliyetaka hayo ni chama. Ukinunua nyumba mtaa kama wetu, umenunua na chama cha wenye nyumba, utake usitake. Kina kamati, ada ya kila mwezi na kitabu kinene cha kanuni. Balozi wa nyumba kumi ana utu: anakuja, anapewa kigoda, mnaongea, yanaisha. Chama hakikalii kigoda, kinaandika barua. Pipa lako la taka limeonekana mbele ya nyumba. Rangi ya mlango haijaidhinishwa. Majani yako yana mabaka, una siku kadhaa uyarudishe kijani.

Sasa sikia utamu wake: hapa ni jangwa. Mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 100. Januari peke yake huko kwetu Ufipa inapita hapo. Sehemu kubwa ya maji, kama asilimia 90, yanatoka mto Colorado, yaliyozuiwa na bwawa la Hoover kwenye ziwa Mead. Mto ule una majimbo 7 yanayoudai. Waliandikishana mkataba mwaka 1922, na sheria ya 1928 ikagawa maji ya upande wa chini: California ikabeba zaidi ya nusu, Arizona ikafuata, Nevada ikaambulia asilimia 4. Siku hizo Las Vegas ilikuwa kituo cha reli chenye watu elfu chache. Leo bonde hili lina watu zaidi ya milioni 2, na mgawo ni ule ule.

Mwaka 2022 ziwa likashuka hadi karibu robo ya ujazo wake. Mashua zilizozama zamani zikaibuka, na likaibuka pipa lenye mifupa ya mtu aliyepigwa risasi miaka mingi iliyopita. Kwetu angetafutwa mchawi. Huku polisi walichukua mifupa, na mamlaka ya maji ikaendelea kuandama majani.

Kwa nini majani, na siyo bafu zetu? Nami niliuliza. Maji yanayoingia kwenye mabomba ya ndani, ya kuoga, ya kupikia, hata ya chooni, karibu yote yanasafishwa na kurudishwa ziwani, na kila yanaporudi Nevada inaruhusiwa kuchota tena kiasi hicho hicho. Ya bustani hayarudi, jua limeshayanywa. Mamlaka imepiga hesabu kwamba kila futi moja ya mraba ya majani ikiondolewa inaokoa lita zaidi ya 200 kwa mwaka. Yaani mahali pa kuatamia kuku mmoja panakunywa zaidi ya madumu 10!

Basi zikatoka amri. Miezi ya baridi unamwagilia siku moja tu kwa wiki. Miezi ya joto, kuanzia saa 5 asubuhi hadi saa 1 usiku, mipira ya kurushia maji isifunguliwe. Jumapili ni marufuku mwaka mzima, kwa hiyo huku hata ukoka unashika amri ya Kanisa. Kuna wakaguzi wanaozunguka na kamera kupiga picha maji yanayotiririka barabarani, na kila ukirudia kosa faini inapanda. Fikiria hali yetu, mjomba: ukimwagilia sana, barua ya mamlaka, usipomwagilia vya kutosha, barua ya chama. Mtu alikuwa anaogopa kufungua sanduku la barua kuliko deni la benki.

Vilivyotuokoa ni vitu viwili. Cha kwanza ni pesa: tangu 1999 mamlaka inamlipa anayeng'oa majani na kupanda mimea ya jangwani inayonyweshwa kwa matone. Mwaka 2024 malipo ya mwenye nyumba yalifika hadi dola 5 kwa futi moja ya mraba. Ndiyo maana yule wa tatu pichani anapima. Masharti ni kwamba usiguse jembe kabla hajaja kuyaona majani yakiwa mahali pake. Cha pili ni sheria. Nevada inakizuia chama kumkatalia mwenye nyumba bustani inayovumilia ukame. Tena sheria ya mwaka 2021 inasema ikifika mwisho wa 2026, majani ya pambo kwenye maeneo ya pamoja ya vyama na katikati ya barabara hayapewi tena maji ya Colorado. Viwanja vya michezo vimesamehewa.

Na imefanya kazi. Tangu 2002 watu wameongezeka kwa zaidi ya laki 7, na maji wanayotumia kutoka mtoni yamepungua.

Mfipa hahitaji kushangaa majani yakiondolewa. Sisi majani tunayafukia: mvua zikielekea mwisho tunayageuza chini ndani ya matuta yetu ya ntumba, yanaoza, juu yanakaa maharage, msimu unaofuata tunatawanya udongo na kupanda ulezi. Nililieleza hilo kwenye mkutano wa chama. Mwenyekiti alinishukuru kwa utamaduni wangu na kuuliza kama matuta hayo yanapatikana kwa rangi ya kijivu.

Jambo moja mwambie mwenyekiti wa jumuiya ya watumiaji maji hapo kijijini. Najua mnavutana na wenye bustani za bondeni, kwa sababu ya zile mita 60 za kutokulima karibu na chanzo. Faini peke yake inamfundisha mtu kumwagilia usiku. Huku watu hawakuacha majani kwa kuhubiriwa. Wamelipwa kidogo, na kanuni iliyowalazimisha kuyatunza ikavunjwa. Tafuteni cha kumpa anayehama kabla ya kumtafutia adhabu.

Mimi nimeshang'oa yangu. Nina mawe, mikaktasi na mti mmoja wenye miiba ambao majirani wanausifu. Wale wale waliokuwa wakinitazama vibaya kwa mabaka sasa wanamsema jirani aliyebaki na kijani.

Ila chama hakijalala. Wiki hii nimeletewa barua: mawe yangu ni mekundu kuliko ilivyoidhinishwa. Kwa hiyo ile hela ya mbolea itachelewa kidogo, mjomba, mpaka ninunue mawe yenye adabu.



Mpwa wako