Mpaka Umo Sahanini

Anayevuka Busia kuingia Uganda, akagongewa mhuri katika kituo cha pamoja kilichozinduliwa mwaka 2018, hudhani mpaka ameshaumaliza. Begi limepekuliwa, bodaboda wamemgombania, wabadilishaji pesa wamempungia mabunda ya noti. Kumbe mpaka wenyewe unamngoja mbele kidogo, kwenye benchi la hoteli ya mabati, ndani ya swali dogo la mhudumu: "Chakula gani?" Mkenya hujibu kwa kujiamini, "Samaki." Mhudumu humtazama kwa huruma, kisha huuliza tena polepole, kama mtu anayesema na mgonjwa: "Samaki, sawa. Chakula gani?" Upande ule, chakula ni kile kinachojaza tumbo: matoke, posho, wali, mihogo, au kwon ya wimbi ukifika kwa Jopadhola wa Petta, wilayani Tororo. Luganda ina neno la kile kinachoshibisha, emmere, na neno la kitoweo, enva, na mgawanyo huo umehamia Kiswahili cha hotelini bila kulipa ushuru. Samaki si chakula. Samaki ni msindikizaji.

Watu husema vioja vya kula ugenini huletwa na vyakula vigeni. Mimi naona ni kinyume chake. Kitu usichokijua hukupa adabu: unauliza, unanusa, unamtazama jirani anavyokila. Anayekuangusha ni yule unayemjua jina. Chukua samaki wadogo wa Ziwa Victoria. Mtanzania huwaita dagaa, Mkenya omena, Mganda mukene, na kwa sababu majina yako mbali hivyo, hakuna anayepotea. Mtu huuliza, huelezwa, hula. Hata rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai ndani, haijawahi kumponza mtu. Mgeni anajua fika kwamba saa ya Uswisi haikaangwi pembeni mwa barabara, kwa hiyo anauliza. Lakini mwambie Mkenya kwamba kuna matoke, uone atakavyotulia. Kwao matoke ni vipande vya ndizi vilivyopikwa kwa nyanya na vitunguu, kila kipande na uhuru wake. Kinacholetwa ni rojo la manjano lililofukizwa katika majani ya mgomba na kupondwa, limekaa kama kilima, halina nyanya wala habari ya kitunguu. Ameagiza kwa usahihi, ameletewa kwa usahihi, na amekasirika.

Bei nayo ni hivyo hivyo. Hadi benki kuu zetu zilipoanza kutoa noti zake mwaka 1966, shilingi ilikuwa moja. Fedha zikaachana, jina likabaki. Leo shilingi moja ya Kenya hununua zaidi ya ishirini na tano za Uganda, na katika Busia zote mbili pesa zote mbili hupokelewa. Mtu wa Tororo akiambiwa upande wa Kenya kwamba sahani ni mia mbili, huagiza na ya shemeji. Inapofika saa ya kulipa ndipo hesabu humjia, na sahani moja huwa imeshapita elfu tano za kwao. Bei ingetajwa kwa yeni angekuwa salama, maana angetoa simu akapiga hesabu kabla ya kunawa mikono.

Nimetaja yeni kwa makusudi. Mpeleke huyo mtu wa Tororo katika kijiduka cha udon huko Kagawa, mkoa mdogo kuliko yote ya Japani, ambao tangu 2011 hujitangaza kuwa ndio mkoa wa udon. Tambi ni nene kama kamba ya mbuzi, mchuzi una harufu ya samaki mkavu na mwani, vijiti ni viwili na vidole havikufunzwa. Katika baadhi ya maduka mteja huzichovya tambi katika maji ya moto mwenyewe, akazimiminia mchuzi, na kuzifyonza kwa sauti si utovu wa adabu. Mtu wetu atamwaga kidogo, ataungua ulimi, basi. Atakayeaibika ni Mjapani wa Tokyo aliyekwenda Osaka. Ataagiza tanuki, jina la mnyama wa porini, akitarajia tambi zilizonyunyiziwa chembe za unga wa kukaanga. Osaka tanuki ni tambi nyingine kabisa, za unga wa buckwheat, zimelaliwa na kipande cha tofu ya kukaanga. Akijaribu Kyoto ataletewa mchuzi mzito wa kuvutika. Na rangi ya mchuzi hukolea mashariki na kupauka magharibi, hata kampuni ya Nissin huuza Donbei, udon yake ya kikombe, kwa ladha tofauti kulingana na upande wa nchi. Hapo hakuna pasipoti wala mhuri.

Wapo watakaosema dawa ni kunyoosha kidole. Kidole kinataka sufuria ionekane, na katika hoteli zetu sufuria iko nyuma ya pazia. Kinachobaki cha kunyooshea ni sahani ya mtu mwingine, naye ameshaanza kukutazama. Wengine huweka tumaini katika Kiswahili. Uganda ilikiandika katika katiba mwaka 2005 kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Jambo jema, lakini kwa hoja yangu ni kuongeza mitego: kadiri tunavyoshiriki maneno ndivyo tunavyoacha kuuliza. Msemaji hodari kuliko wote katika foleni ya malori mpakani Malaba ni dereva wa kutoka Tanga, na ndiye anayeumia zaidi. Asubuhi huagiza supu na chapati kwa Kiswahili kisicho na doa. Kwao supu ni nyama yenye mchuzi kidogo. Hapa ni mchuzi uliokwisha kuagana na nyama yake. Hawezi kulalamika, maana neno ni lake. Huinama tu juu ya bakuli, kijiko kikizunguka chini mara ya pili, ya tatu, kikitafuta.