Jinsi ya Kununua Jua Dogo la Kuvaa Kichwani

Hongera kwa kuchagua mchezo wa baiskeli za milimani ukiwa mkazi wa Clintonville, mtaa wa kaskazini mwa jiji la Columbus, Ohio. Kilele kirefu kuliko vyote katika jimbo hili kinaitwa Campbell Hill, nacho kina mita 472 kutoka usawa wa bahari. Mkazi wa Dodoma analala juu zaidi ya mara mbili ya hapo kila usiku, na hakuna aliyewahi kumpa nishani. Lakini baiskeli umeshanunua, na shokapu zake, na matairi yake yenye meno. Kilichobaki ni taa, kwa sababu Desemba jua la Columbus huzama saa kumi na moja na dakika chache jioni, na saa hiyohiyo ndiyo unatoka kazini.

Njia ya mkato ya kuchagua taa ya helmeti ni kuingia mtandaoni, kuzipanga kwa idadi ya lumeni, yaani kipimo cha mwanga, na kuchukua iliyo juu kabisa. Usisome kitu kingine. Ukikuta moja imeandikwa lumeni 10,000, ina betri mbili, inawaka saa sita mfululizo na bei yake ni sahani mbili za pilau, lipia haraka kabla muuzaji hajazinduka. Wapo wakorofi watakaokuletea hesabu. Watakuambia balbu ya H4, ile iliyomo kwenye taa za mbele za magari mengi ya kwetu, ikiwa dimu hutoa lumeni kama 1,000 tu. Watakuambia taa nzuri ya LED hutoa lumeni mia hivi kwa kila wati, kwa hiyo lumeni 10,000 zinadai wati 100, na betri mbili bora hubeba nishati ya kuendesha wati 25 kwa saa moja; maana yake utabaki gizani baada ya robo saa, tena ukiwa na utosi ulioiva. Wapuuze. Watu wa namna hiyo hawana furaha hata harusini.

Ukitaka kuwakomesha, wape betri yenyewe waishike. Nyingi ya taa hizi hutumia betri inayoitwa 18650, jina lililotokana na vipimo vyake: milimita 18 upana, milimita 65 urefu. Iliyo halali huwa na uzito wa gramu 45 au zaidi kidogo, na ujazo wake kwa kawaida huishia karibu na miliampia-saa 3,500. Ya kwako imeandikwa 9,800, kwa herufi za dhahabu, na ukiiweka kwenye mizani ya jikoni inasoma thelathini na kitu. Usihuzunike. Wepesi ni sifa kwa kitu cha kubeba kichwani. Betri za aina hiyo zimewahi kupasuliwa zikakutwa na kibetri kidogo ndani, kimezungukwa na unga.

Kuhusu kufunga: iweke juu kabisa ya helmeti, isimame wima, uikaze kwa mikanda miwili na waya wa plastiki ili isitoke kamwe. Tawi la kwanza la chini litakushukuru. Waoga hupendelea kifungio kinachoachia taa ikigonga kitu, na huifunga taa yenyewe karibu na paji la uso, ikiwa na uzito usiozidi gramu 150, huku betri ikikaa mfukoni na waya mrefu ukipita mgongoni. Eti shingo isichoke. Eti pia betri ipate joto la mwili, kwa kuwa baridi hupunguza chaji ya lithiamu, na Januari ya Ohio ina baridi ya kutosha kwa kazi hiyo. Watu hawa hata kitufe hukijaribu dukani wakiwa wamevaa glovu nene. Aibu.

Sasa kuna dhambi moja wanayoifanya wazoefu wa Alum Creek, kule kwenye njia za msituni kaskazini mwa jiji: wanafunga taa mbili. Ile kali, yenye mwanga uliotanuka, wanaifunga kwenye usukani. Ya helmeti wanaifanya ya wastani, yenye mwali mwembamba. Wanadai taa iliyo karibu na macho huficha vivuli, kwa hiyo mzizi na jani huonekana sawasawa hadi tairi litakapokueleza tofauti yake. Taa ya chini ndiyo inayochora kivuli nyuma ya kila jiwe. Ya kichwani wanaitunzia kona, maana kichwa hugeuka kabla ya usukani. Sina la kuwajibu hapa, wanasema kweli, ila nakuomba usimwambie muuzaji wa lumeni 10,000.

Tuje kwenye adabu. Njia ya Olentangy, inayofuata mto wa jina hilo upande wa magharibi wa Clintonville, ina watembea kwa miguu, wakimbiaji na wazee wenye mbwa. Sisi tumelelewa kumtazama mtu usoni tunapomsalimu. Taa iko kichwani, kichwa kinamgeukia unayemsalimu, na kwa hiyo kadiri ulivyolelewa vizuri ndivyo unavyopofusha. Mzee anainua kiganja kuziba macho, wewe unadhani anaitikia, unapunguza mwendo ili umuulize na habari za nyumbani. Mbwa anabweka. Unamgeukia na mbwa. Wasio na malezi hushusha mwanga hadi kiwango cha chini kabisa mapema, huinamisha kidevu, na kusalimia wakitazama lami kama watu wenye madeni.

Usiku wa chini ya sifuri una raha yake: ardhi imeganda, tope halipo, njia za msituni hazichimbiki. Ila kila pumzi inapopanda mbele ya taa inageuka ukuta mweupe, na ukungu wa mtoni hufanya vivyo hivyo. Dawa ya wataalamu wa lumeni ni kuongeza mwanga. Ukuta nao unaongezeka.

Ukiona macho mawili yanang'aa kichakani, usiite jina la Mungu kwa sauti. Ni kulungu. Nyuma ya jicho lake kuna utando unaourudisha mwanga kule ulikotoka, na kwa kuwa taa yako iko sentimita chache tu juu ya macho yako, unaouona ni mng'ao wote. Anayetegemea taa ya usukani peke yake huona hafifu zaidi, na hulala vizuri zaidi.

Mwisho ni sheria. Ohio inaruhusu taa nyeupe ya mbele ifungwe kwenye baiskeli au kwa mwendeshaji mwenyewe, mradi ionekane kutoka futi 500, kama mita 150. Kwa hiyo jua lako la kichwani ni halali hata katikati ya barabara ya High Street. Lakini sheria hiyohiyo inadai riflekta nyekundu nyuma, na taa nyekundu ya nyuma inayoonekana kutoka futi 500. Hiyo haina lumeni za kumtambia mtu na hakuna atakayekuuliza umeinunua wapi. Inunue kwanza.