Sifa za Bango la Mita 7 na Nusu

Malenga wetu wameshaisifu kanga, jahazi, mnazi na macho ya wapenzi wao. Bango la fleksi halijapata malenga. Linaning'inia msibani, harusini na penye ufunguzi wa bucha, linavumilia jua na vumbi, na shukrani linayopata ni kuambiwa herufi zimepinda. Leo nalitetea, hasa lile kubwa la kazi isiyo ya kawaida, ambalo ukimweleza fundi anakutazama kwanza usoni kuhakikisha kwamba u mzima.

Nasaba yake si haba. Kanga ina pindo, mji na jina. Bango nalo lina pindo lililokunjwa na kutobolewa matundu ya pete za chuma, lina mji, yaani picha, na lina jina. Jina la kanga hukusudiwa kumchoma jirani. La bango humchoma aliyelilipia.

Langu niliagiza kwa ajili ya shule moja kisiwani Mafia. Kati ya Oktoba na Februari, maji ya karibu na Kilindoni hutembelewa na papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, mpole, ambaye pamoja na ukubwa huo hula vijidudu vya baharini na vidagaa. Wengi wanaoonekana hapo ni madume ambayo hayajapevuka, ya mita 5 hadi 9 hivi. Nilitaka watoto wamwone potwe mmoja kwa kimo chake halisi, mita 7, ametandazwa ukutani, darasa zima lijipange mbele yake lisimfikie mkia. Basi bango likawa la mita 7 na nusu kwa 3.

Bango hufundisha hesabu bila kiboko. Mashine kubwa za fleksi huchukua rola la upana wa mita 3.2, kwa hiyo samaki wangu angepita mzima bila kuungwa kiunoni. Mita za mraba 22.5, na bei huenda kwa mita ya mraba. Kwa fleksi ya gramu 440, huo ni mzigo wa karibu kilo 10, wa kubebwa begani hadi Nyamisati kupanda boti. Nilipomwambia fundi kwamba picha ninayo, alijibu kama wanavyojibu wenzake wote wa Kariakoo: "Nirushie WhatsApp, mwalimu." Lakini WhatsApp huifinya picha. Ikibaki na nukta 1,600 kwa urefu, kisha uitandaze mita 7 na nusu, kila nukta inakuwa na milimita karibu 5: punje nzima ya mtama. Nani mwingine angenikalisha usiku nikikokotoa mambo hayo? Nikapeleka flashi.

Halafu kuna PDF, ambayo kwa kawaida ukurasa wake hauvuki mita 5.08. Mwenye samaki wa mita 7 hutengeneza faili kwa kipimo cha moja kwa kumi, sentimita 75 kwa 30, kisha humwachia fundi alikuze. Nikaandika pembeni kwa herufi nene: MARA 10.

Fundi akachapa sentimita 75.

Mwenye roho nyepesi angepiga kelele. Mimi nilimwinua yule samaki nikamtazama. Potwe huzaliwa akiwa na nusu mita hivi, na vichanga vyake huonekana kwa nadra sana, hata kwa watafiti wanaotumia maisha yao kumfuata. Mimi nilikuwa naye mkononi, bado ananuka wino.

"Na ile mara kumi?" nikauliza.

"Zipo zote, mwalimu." Akanionyesha tisa wengine mezani.

Bango lenyewe lilitoka siku ya tatu, umeme uliporudi. Walilikunjua uchochoroni, wapita njia wakawa wanalivuka kwa adabu kama anavyovukwa mtu aliyelala, huku kijana mmoja akigongea pete kwa nyundo pembeni. Potwe alikuwa wa zambarau. Kioo cha kompyuta hutengeneza rangi kwa mwanga, mashine hutengeneza kwa wino, na buluu iliyong'aa kwenye kioo ikifika kwenye wino huteleza kirahisi kuelekea zambarau. Samaki wangu alikuwa ameteleza hadi kwenye bilinganya.

Mgongo wake ulikuwa safi kabisa.

"Picha yako ilikuwa na vumbi, mwalimu," fundi akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayestahili soda. "Nimekaa saa mbili nalisafisha doa moja moja."

Yale madoa meupe ndiyo kitambulisho cha potwe. Hakuna wawili wanaofanana. Watafiti hupiga picha ubavu wa kushoto, nyuma ya matamvua, kisha programu ya kompyuta hulinganisha madoa kwa mbinu iliyotangazwa mwaka 2005, iliyoazimwa kwa wanaastronomia, ambao waliitumia kulinganisha nyota. Fundi wangu alikuwa amezima mbingu nzima kwa kipanya. Tena alikuwa amemgeuza samaki, kwa sababu awali aliipa mgongo nembo ya shule, na hiyo si adabu; ubavu wa kushoto ukawa wa kulia. Sasa nani anaweza kujisifu hivyo? Sisi wengine hatupiti dirisha lolote bila kuulizwa namba ya kitambulisho, na hapa kuna kiumbe wa mita 7 asiyeweza kutambuliwa na sayansi yoyote.

Jina nililokuwa nimeliandika ni TUMLINDE PAPA POTWE. Fonti yangu haikuwemo kwenye kompyuta ya fundi, akaandika upya mwenyewe. Bango lilisema: TUMLINDE PAPA MPOTEVU.

"Kwani potwe ndiyo nini?" akaniuliza. "Nilidhani ni jambo la kanisani."

Boti ilikuwa kesho yake. Nikalibeba.

Watoto wa Mafia hawadanganyiki kwa potwe. Binti mmoja wa darasa la tano alilizunguka bango kwa ukimya, akaja kuniuliza kama huyu amechubuka. Mzee mmoja aliyekuwa akipaka ngalawa yake ufukweni akasikia habari, akatuma kopo la rangi nyeupe lililobakia. Tulilitandaza bango uwanjani, kila mtoto akachovya kidole gumba na kutia doa lake. Kufika adhuhuri potwe wa bilinganya alikuwa na madoa mgongo mzima, mawili yakiwa ndani ya jicho, na ugomvi mdogo ulikuwa unaendelea juu ya doa lipi ni la nani. Hatimaye akapata kitambulisho, tena chenye alama za vidole.

Mwalimu mkuu aliamua jina libaki, kwa hoja kwamba msimu ukiisha samaki huyu kweli hupotea. Utafiti wa vitambuzi uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba wengi hawaendi mbali, husogea tu nje kidogo ya pwani na kwenda chini zaidi. Nilimweleza. Akasema basi hata mwana mpotevu, kwao kulikuwa kunajulikana.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Bango nalo ni plastiki, ila hakuna aliyelisogelea, kwa kuwa halikai bila kazi. La kwetu lilifunika kuni za jikoni masika yote. Sasa ni paa la banda la kuku, mkia ukining'inia upande wa mlango. Halivuji.

Mwezi uliopita nilikuwa napita Kariakoo, nikainua macho juu ya duka la samaki. Alikuwa pale: zambarau, mgongo hauna hata chembe ya vumbi, anatazama kulia kwa adabu. Chini yake, kwa fonti ileile: SAMAKI FRESHI KILA SIKU. Nilisimama nikimwangalia hadi muuzaji akaniuliza nataka nini. Nikachukua nguru, nusu kilo.