Makofi ya Watu Nisiowajua

Saa nane usiku maelfu ya watu wanashangilia ndani ya nyumba yangu hapa Isevya, na hakuna hata mmoja aliyepiga hodi. Wanapiga makofi, wanapiga miluzi, kisha wananyamaza kwa pamoja, nami nabaki nimekodoa macho gizani nikisubiri waanze tena. Kusubiri makofi kunachosha kuliko makofi yenyewe.

Aliyewaleta ni mpwa wangu. Kijana amemaliza chuo Dar es Salaam, akaja Tabora "kutulia kidogo, mjomba" wakati anasubiri ajira. Mizigo yake ilikuwa begi moja la nguo, deki, na sabufa ambayo bodaboda wa kwanza pale stesheni aliikagua, akaizunguka, akaondoka bila abiria. Nilimpa chumba cha uani. Kosa la chumba cha uani ni kwamba kimepakana na kichwa changu.

Wiki ya kwanza mama wa nyumba ya jirani alikuja asubuhi, amenuna, kuuliza kwa nini tumefanya shughuli bila kumwalika. Mke wangu akaapa kwamba hatukuoza mtu. Mama akasema makofi kayasikia kwa masikio yake, na harusi isiyo na pilau haina watu wa kushangilia namna ile. Mzee mwingine, akitoka swala ya alfajiri, alinivuta pembeni aniulize nani kafunga bao. Nikamwambia Waingereza. Akasikitika, akaenda zake.

Wageni wote hao wanatoka kwenye sanduku moja la sidii: Pulse, albamu ya Pink Floyd iliyotoka mwaka 1995, iliyorekodiwa kwenye maonyesho yao ya mwaka uliotangulia. Na roki ya watu hawa si ile ya kurukaruka. Ni ile wanayoiita progresivu. Kinanda kinaanza peke yake, kinatafakari. Gitaa linakuja limechelewa na halioni haya. Mwimbaji anafika wakati ushasahau kwamba kulikuwa na mwimbaji. Wenzao wa bendi ya Yes walitoa Yessongs mwaka 1973, onyesho la jukwaani lililojaza santuri tatu. Mwaka uliofuata Emerson, Lake & Palmer nao wakatoa tatu, na jina la albamu yao ukilianza kulisoma Isevya utalimaliza Ipuli.

"Mjomba, huu ni muziki wa safari ndefu," mpwa wangu ananielimisha. Safari! Kijana kasimama juu ya udongo wa Unyanyembe ananifundisha safari ndefu. Babu zake walijitwika pembe za ndovu kutoka huku mpaka Bagamoyo, karibu miezi mitatu kwa miguu, kirangozi mbele na ngoma yake, wapagazi nyuma wakiitikia. Wimbo wao ulikuwa mrefu kwa sababu njia ilikuwa ndefu. Mzigo ukitua, wimbo umekwisha. Hawa wa sanduku hawana mzigo wala hawaendi popote, na bado hawatui.

Lakini kinachoniudhi zaidi ni hilo neno laivu. "Unasikia kama uko pale pale, mjomba." Kwanza, mimi sikuomba kuwa pale pale, niliomba kuwa hapa hapa, nimelala. Pili, nimefuatilia mambo ya watu hawa, maana mtu akikunyima usingizi ni haki yako kumchunguza. King Crimson walitoa albamu ya jukwaani mwaka 1975, inaitwa USA. Mpiga fidla wao kwenye maonyesho yale alikuwa David Cross. Fidla yake haikusikika vizuri kwenye kanda, basi kwenye baadhi ya nyimbo wakamwita studio mtu mwingine kabisa, Eddie Jobson, akaipiga baadaye. Watazamaji wanamshangilia fundi ambaye usiku ule hakuwapo. Huku kwetu hilo lingefika kwa mwenyekiti wa mtaa.

Hao Pink Floyd wenyewe, tarehe 12 Oktoba 1994, siku ya kwanza ya maonyesho yao pale Earls Court, London, sehemu ya viti iliporomoka na watu zaidi ya elfu moja juu yake. Hakufa mtu, ila wapo walioumia, na onyesho likaahirishwa. Tukio la moja kwa moja lisilo na ubishi ndilo hilo, na kwenye sidii huko hulisikii.

Mimi nimekulia kwenye muziki uliopigwa mara moja. Bendi ilikuwa ikiingia studio za Radio Tanzania, waimbaji, magitaa, tarumbeta na tumba wote pamoja, mkanda unazunguka. Akiteleza mpuliza tarumbeta, mnarudi mwanzo, na mwenzenu mnamtazama kwa jicho ambalo halihitaji maneno. Wimbo ulipotoka redioni ndivyo ulivyokuwa umepigwa, na hakuna aliyeuita laivu. Uliitwa wimbo. Ukiutaka kwenye santuri ndogo, uligawanywa: upande wa kwanza mashairi, ukigeuza unakuta chemko. Kugeuza kulikuwa na faida yake, maana kulimpa mwenye nyumba nafasi ya kusema "sasa basi, kalaleni."

Na sisi wa Tabora hatukuwa na uhaba wa bendi. Kulikuwa na Kiko Kids ya Salim Zahoro, ikaja Nyanyembe Jazz, ikaja Tabora Jazz na mtindo wao wa Segere Matata, na Shem Karenga akiwaimbia "Dada Asha". Nikizisikiliza nyimbo hizo leo, kila kitu kipo isipokuwa sisi. Hatupo! Yuko wapi yule bwana aliyekuwa akipanda jukwaani kumtunza mwimbaji, anambandika noti kwenye paji la uso moja moja, taratibu, ili wa meza za nyuma nao wahesabu? Ziko wapi zile kelele za wanawake gitaa la solo likiingia? Wazungu wametunza hata kikohozi cha watazamaji wao, wakakitengenezea sanduku. Makofi ya Tabora sijapata kuyasikia kwenye santuri yoyote, na mimi mwenyewe niliyapiga mpaka viganja vikawaka.

Nilimwambia mpwa wangu haya yote. Akaniambia, "Mjomba, una wivu." Nikamwuliza kama anajua kwamba kuna bendi ya progresivu ya Sweden, Archimedes Badkar, ambayo mwishoni mwa miaka ya 1970 ilirekodi albamu pamoja na Afro 70 ya Patrick Balisidya, mtoto wa Dodoma, na ikaitwa Bado Kidogo, kwa Kiswahili safi. Hakujua. Chuo kamaliza, ana shahada, hajui. Nikaona usiku huo nitalala kwa heshima.

Wapi. Saa nane, zikalia saa. Si moja, saa nyingi, kengele juu ya kengele, kama maduka yote ya saa ya Kariakoo yameingiliwa na wezi kwa mpigo. Nikaruka kitandani kutazama saa ya ukutani, nayo inasema saa kumi na moja kasoro. Nikashukuru kwamba kumekucha, nikavaa, nikatoka uani. Nyota zote angani zikanitazama.

Saa ya ukutani ilikuwa imekufa tangu jioni. Kisa kikaonekana nilipogonga chumba cha uani: sanduku la Pulse lina kitaa chekundu mgongoni, kinachomwekamweka kama mapigo ya moyo. Ndivyo lilivyouzwa lilipotoka, na linatumia betri ndogo, saizi ile ile ya saa yangu. Kijana alikuwa ameiazima. Na zile kengele ni za wimbo "Time", ambazo Alan Parsons alizirekodi saa moja moja kwenye duka la saa za kale, miaka ya 1970. Jukwaani zinatoka kwenye mkanda. Yaani saa yangu imeuawa ili kitaa kiwake, halafu nikaamshwa na saa za bandia kwenye albamu ya laivu.

Nilichukua betri yangu nikairudisha ukutani. Sanduku likazima, na asubuhi kijana alikunywa chai kimya. Nilidhani nimeshinda. Mchana mke wangu akarudi kutoka sokoni na betri mbili mpya, moja ya akiba ya saa, moja ya mpwa wake wa kambo, kwa sababu eti kile kitaa kilikuwa kinampendezea akipita uani kwenda kuchota maji.

Sasa saa inafanya kazi barabara. Nimepima. Wimbo wao "Comfortably Numb" unachukua zaidi ya dakika tisa, nyingi za mwishoni ni gitaa peke yake, na makofi hayahesabiki humo.