Kwa Mheshimiwa Mkaguzi wa Kazi: Pongezi kutoka Juu ya Nguzo

Mheshimiwa Mkaguzi wa Kazi, Kivu Kaskazini,

Mafundi wa umeme wa Butembo na Beni wanakupongeza kabla ya yote: katika kazi yao hakuna ajali. Fundi akianguka kutoka nguzoni huko Bulengera, hiyo ni bahati mbaya. Akiungua mkono huko Mulekera, ni uzembe wake. Akifa, ni mpango wa Mungu, na matanga yanachangiwa na majirani. Ajali ya kazi ni ile iliyoandikwa na mwajiri ikapelekwa ofisini, na fundi wa kibarua hana mwajiri. Ana mteja tu, ambaye siku hiyo simu yake imezimwa.

Sheria ipo, tena nzuri. Kanuni ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inadai kamati ya usalama, usafi na urembeshaji wa mahali pa kazi. Mafundi wanauliza kwa heshima: ule mkaratusi uliopinda, unaobeba nyaya za nusu ya mtaa, urembeshwe kwa maua au kwa rangi? Mwajiri naye anatakiwa kuilipa CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya hatari za kazini. Asilimia 1.5 ya mshahara usioandikwa popote ni hesabu isiyomchosha mtu.

Huenda Mheshimiwa hajapata nafasi ya kupanda nguzo, kwa hiyo aelezwe. Butembo iliishi miaka mingi kwa jenereta za wafanyabiashara, na umeme wa maji ulichelewa kufika. Sheria ya Juni 2014 ilifungua mlango kwa kampuni nyingine kando ya SNEL, shirika la umeme la taifa, laini zikaongezeka, lakini jenereta hazikuondoka. Laini ikikatika, mwenye duka anawasha ya kwake. Kama hana swichi ya kuitenga nyumba yake na laini, umeme wake unatoka nje na kurudi mtaani kinyumenyume. Ukifika kwenye transfoma, ile mashine haiulizi umetoka wapi: iliyotengenezwa kushusha maelfu ya volti hadi 220 inaweza kuzipandisha hizo 220 ziwe maelfu tena. Na juu ya nguzo yuko fundi aliyeambiwa kwamba laini imekufa. Upande wa kampuni umezimwa kweli. Kuhusu upande wa muuza vitenge, hakuna aliyemwambia neno.

Ndiyo sababu utaratibu wa kazi hii, popote duniani, unamtaka fundi akate umeme, afunge swichi kwa kufuli, apime, kisha aunganishe nyaya na ardhi kabla ya kuzigusa. Kwa kibarua, kipimo ni bisibisi yenye taa ndogo, na kufuli ni kijana aliyesimama chini akipiga kelele: “Msiwashe!”

Umeme wenyewe hauhitaji wingi ili kuua. Swichi ya kinga huwekwa ikate umeme unaovuja ukifika miliampia 30, ili moyo usivurugike. Balbu ya wati 100 inavuta karibu mara kumi na tano ya hizo. Ngozi iliyolowa inaupitisha kwa urahisi zaidi, na mvua ya Butembo haihitaji kutambulishwa. Kisha jeraha lake ni la kinafiki. Alama ndogo mkononi, nyingine mguuni, huku ndani misuli imeungua na figo zinaanza kushindwa. Familia inaona alama mbili, inazipaka dawa, inamlaza mtu nyumbani.

Tarehe 2 Februari 2022 waya wa umeme mkubwa ulikatika Matadi-Kibala, Kinshasa, ukaangukia soko na kuua watu 26. Nchi nzima ilisikia. Mafundi wa huku wana kosa la kufa mmojammoja.

Wala isisemwe kwamba huku watu hawahesabiki. Kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, Ebola ilipotembea Beni, Butembo na Katwa, waliomgusa mgonjwa walitafutwa na kufuatiliwa kwa siku 21, hadi hesabu ikafika wagonjwa 3,470 na vifo 2,287. Hayo yalifanyika risasi zikilia. Tangu Mei 2021 mkoa umewekwa chini ya utawala wa kijeshi, sababu nzuri sana ya kuahirisha mambo, ila waya haujapokea taarifa hiyo.

Basi mafundi hawaombi maua. Wanaomba daftari moja Butembo na jingine Beni, aandikwe humo kila aliyepigwa na umeme kazini, mwenye mkataba na asiye nao. Wanaomba jenereta isiyo na swichi ya kujitenga na laini isiruhusiwe kuwashwa. Na ile kamati ya usalama inayodaiwa na sheria ikutane walau mara moja chini ya nguzo, siku ya mvua, Mheshimiwa mwenyewe akiwa mwenyekiti. Ngazi italetwa na mafundi.